Zeze la Wagogo

Zeze la Wagogo (kwa Kigogo: izeze) ni ala ya muziki ya nyuzi inayopigwa kwa upinde na Wagogo wa Mkoa wa Dodoma na maeneo ya jirani, katikati ya nchi ya Tanzania. Lina kibuyu cha kukuzia sauti, ngozi iliyowambwa juu ya kibuyu hicho, shingo ya mti, na vigingi vya mti vinavyotumika kukaza na kulegeza nyuzi.

Zeze hupigwa pamoja na uimbaji, mara nyingi likiambatana na ilimba, ambayo ni marimba ya mkononi ya Wagogo yenye vijiti vya chuma. Nje ya Tanzania lilijulikana zaidi kupitia mwanamuziki Hukwe Zawose (takriban 1938 - 2003).

Zeze linahitaji matunzo ya mara kwa mara kwa sababu karibu sehemu zake zote zimetokana na mimea na wanyama, na vigingi vyake havina skrubu wala meno ya chuma. Kubadilisha nyuzi za zeze kuukuu ni kazi inayogusa pia mlingano wa sauti wa muziki wa Wagogo, ambao haufanani na ule wa piano.

Jina

Neno "zeze" hutumika Afrika Mashariki kwa ala zaidi ya moja. Katika pwani na sehemu nyingine, zeze ni ufito bapa wenye vituo vichache vya vidole na kibuyu kilichofungwa nyuma yake. Nyuzi zake hudonolewa kwa vidole. Ala za jamii hiyo zimeenea hadi Kongo, Komoro na Madagaska, zikiwa na majina yanayofanana.

Zeze la Wagogo ni la jamii nyingine. Shingo yake hupenya ndani ya kibuyu na kutokea upande wa pili, na nyuzi zake husuguliwa kwa upinde. Kwa hiyo msomaji akikuta jina "zeze" katika kitabu au katika orodha ya makumbusho, ni lazima aangalie maelezo au picha ili ajue ni ala ipi inayozungumziwa.

Muundo

Kibuyu hukatwa mdomo, hutolewa mbegu na kukaushwa. Juu ya mdomo huo huwambwa ngozi, kwa kawaida ya mbuzi, ikiwa bado mbichi au imelowekwa; inapokauka hujivuta na kukaza. Ngozi hushikizwa kwa kamba, kwa vijiti vidogo au kwa misumari.

Shingo ni mti mmoja ulionyooka. Ncha yake ya chini, inayotokea chini ya kibuyu, ndipo nyuzi zinapofungwa. Kutoka hapo nyuzi hupita juu ya daraja dogo lililosimama kwenye ngozi, kisha huenda hadi kwenye vigingi vilivyo karibu na ncha ya juu. Daraja halikugundishwa: linashikiliwa na mgandamizo wa nyuzi peke yake.

Mazeze mengi huwa na nyuzi chache, kama vile mbili au nne. Yako makubwa zaidi yenye nyuzi nyingi, yakiwemo yale yaliyopigwa na Hukwe Zawose, ambayo baadhi yake yalikuwa na nyuzi zaidi ya kumi. Katika zeze la namna hiyo mpigaji hasugui nyuzi zote kwa wakati mmoja. Baadhi hulia zenyewe kwa kuitikia mtetemo wa nyingine, na kuipa sauti unene.

Zamani nyuzi zilitengenezwa kwa kano za wanyama au nyuzinyuzi za mimea. Baadaye waya mwembamba wa chuma ulichukua nafasi hiyo. Mafundi huupata kwa kuchambua kebo za breki za baiskeli, kwa kutumia nyaya zilizomo ndani ya matairi, au kwa kununua nyuzi za gitaa. Upinde ni kijiti kilichopindwa na kufungwa nyuzinyuzi, kwa mfano za katani, ambazo hupakwa utomvu mkavu ili zishike uzi na kuutetemesha.

Vigingi na namna vinavyofanya kazi

Kigingi cha zeze ni kijiti kilichochongwa kwa kisu na kupitishwa katika tundu la shingo. Uzi huzungushwa juu yake. Mpigaji akikizungusha upande mmoja uzi unakaza na sauti inapanda. Akikizungusha upande mwingine uzi unalegea na sauti inashuka. Kinachozuia kigingi kisirudi nyuma ni msuguano wa mti juu ya mti, basi.

Njia hii ni tofauti na zile za ala za kiwandani. Gitaa hutumia meno ya chuma ambayo hayarudi nyuma yenyewe. Piano, yenye nyuzi zaidi ya 200 zinazovuta kwa jumla ya tani nyingi, hutumia pini za chuma zilizopigiliwa kwa nguvu katika ubao mgumu wa tabaka kadhaa. Mwishoni mwa karne ya 19 kampuni ya Mason & Hamlin ya Marekani ilitengeneza piano ambazo nyuzi zake zilikazwa kwa skrubu badala ya pini za kawaida. Piano hizo zilidumu na sauti yake kwa muda mrefu, lakini fundi wa leo anayetaka kuzihudumia hukuta kwamba vifaa vya kawaida havizifai.

Fundi wa zeze hukutana na jambo la namna hiyo katika kila zeze. Tundu hutobolewa kwa mkono, mara nyingi kwa chuma cha moto, na kigingi huchongwa kidogo kidogo hadi kikae katika tundu lake. Hakuna kipimo cha kiwandani. Kigingi kilichochongwa kwa tundu la kwanza huenda kisishike katika tundu la pili la zeze lilelile. Ndiyo maana vigingi vikichomolewa vyote pamoja bila kuwekwa alama, zeze linaweza kushindwa kushika sauti hata kama hakuna kilichovunjika.

Athari za hali ya hewa

Dodoma iko kwenye kimo cha takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na ni nusu jangwa. Mvua hunyesha katika msimu mmoja, hasa kati ya Desemba na Aprili, na kwa kawaida ni kama milimita 600 kwa mwaka au pungufu. Miezi inayofuata ni mikavu sana.

Mti hunywea unapokauka na kuvimba unapopata unyevu. Wakati wa kiangazi vigingi hupungua unene, huteleza, na nyuzi hulegea zenyewe. Wakati wa masika huvimba na kukwama; anayevizungusha kwa nguvu anaweza kuvivunja au kuipasua shingo. Ngozi hufanya kinyume: hukaza katika hewa kavu na kulegea katika hewa yenye unyevu. Ngozi ikilegea, daraja huzama, nyuzi huishukia shingo na sauti hufifia. Wapiga ngoma wa Dodoma wanalijua jambo hili, nao huzianika ngoma juani au kuzisogeza karibu na moto kabla ya kuzipiga.

Zeze linalohamishwa kutoka Dodoma kwenda pwani, kwa mfano Bagamoyo au Dar es Salaam, hupata mabadiliko hayo yote kwa siku chache. Vilevile zeze linalopelekwa Ulaya na kuwekwa katika chumba chenye joto la mashine wakati wa baridi hukaushwa kupita kiasi. Kibuyu kinaweza kupasuka na ngozi kuchanika.

Kubadilisha nyuzi

Kabla ya kugusa chochote, fundi huangalia uzi upi umefungwa kwenye kigingi kipi, umezungushwa upande gani, na daraja limesimama wapi. Daraja likisogea kuelekea vigingi, sehemu ya uzi inayotetemeka inakuwa fupi na sauti inapanda. Likirudi nyuma sauti inashuka. Kwa kuwa halikugundishwa, mahali pake huwekewa alama au kupigwa picha. Kama nyuzi za zamani bado zinalia, sauti zake hurekodiwa kwanza.

Nyuzi hubadilishwa mmoja mmoja. Zikiondolewa zote kwa pamoja daraja huanguka, na ngozi iliyozoea mgandamizo wa miaka mingi hubadilika umbo kwa ghafla.

Unene wa uzi mpya unapaswa kulingana na ule wa zamani. Kwa urefu uleule na sauti ileile, uzi wa chuma wenye unene wa milimita 0.5 unahitaji kukazwa kwa nguvu iliyo kubwa kwa takriban asilimia 56 kuliko uzi wa milimita 0.4. Tofauti hiyo ya sehemu ya kumi ya milimita haionekani kwa urahisi kwa macho, lakini inatosha kuchana ngozi kuukuu au kukitoa kigingi katika tundu lake. Uzi mwembamba kupita kiasi nao hulegea, na sauti yake huwa nyembamba. Vilevile, ili uzi mmoja upande kwa oktava nzima ni lazima nguvu ya kuuvuta iongezwe mara 4. Kwa sababu hiyo fundi hulazimishi uzi kufika sauti ya juu mno, bali huchagua uzi mwembamba zaidi.

Uzi huzungushwa kwenye kigingi mara kadhaa kwa mpangilio, bila mizunguko kupandana. Kona kali huepukwa, kwa maana ndipo waya unapokatika. Uzi mpya huendelea kurefuka kwa siku kadhaa, hivyo sauti hurudiwa kulinganishwa mara nyingi kabla ya kutulia.

Matengenezo ya sehemu nyingine

Vigingi vinavyoteleza hupakwa chaki kavu ili vishike. Vinavyokwama hupakwa sabuni kavu au nta kidogo. Tundu likishakuwa pana sana huwekewa kipande chembamba cha karatasi au kitambaa, au huchongwa kigingi kipya kinene zaidi kwa mti mgumu uliokauka vizuri. Mti mbichi haufai, kwa sababu utanywea ndani ya tundu baada ya wiki chache. Gundi haitumiki kwenye vigingi, kwani kigingi kilichogandishwa hakiwezi tena kulinganisha sauti.

Ufa wa kibuyu hushonwa kwa uzi na kuzibwa kwa nta au utomvu, kama vinavyoshonwa vibuyu vya maziwa na maji. Tundu dogo la ngozi linaweza kuwekwa kiraka, lakini ngozi iliyochanika kwenye daraja hubadilishwa yote. Ngozi mpya hulowekwa, huwambwa na kukaushwa kivulini. Ikikaushwa haraka juani hukaza bila kulingana na inaweza kukivunja kibuyu chembamba.

Katika matunzo ya kila siku, nyuzi hufutwa jasho baada ya kupigwa ili zisishike kutu. Zeze likiwa halitumiki kwa muda mrefu nyuzi hulegezwa kidogo, lakini haziondolewi, ili daraja libaki mahali pake.

Mlingano wa sauti

Mtaalamu wa muziki Gerhard Kubik wa Austria, aliyefanya utafiti katika Afrika ya Mashariki kuanzia miaka ya 1960, alieleza kwamba ngazi ya sauti ya Wagogo inatokana na sauti za asili zinazosikika ndani ya uzi au mwanzi mmoja unapotetemeka. Uzi unaotetemeka mara 100 kwa sekunde hutoa pia, kwa udogo, mitetemo ya mara 200, 300, 400 na kuendelea. Wagogo hutumia hasa zile za kuanzia ya nne hadi ya tisa au ya kumi. Sauti hizo husikika vizuri katika ndono, uta wa muziki wenye uzi mmoja unaopatikana katika eneo hilohilo.

Zikipangwa katika oktava moja zinatoa sauti tano. Kwa mfano, ikianzwa na mitetemo 400 kwa sekunde:

- Sauti za asili: 400, 450, 500, 600, 700, kisha 800.
- Sauti za piano zilizo karibu nazo: 400, 449, 504, 599, 713, kisha 800.

Sauti ya pili na ya nne karibu zinalingana, na ya tatu inatofautiana kidogo. Ya tano iko mbali: 700 na 713 zikilia pamoja, sikio husikia mtikisiko wa mara 13 kwa sekunde. Mtu aliyezoea piano anaweza kudhani kwamba zeze limeshuka sauti. Akilikaza hadi kufikia 713 "kulirekebisha", anaondoa sauti ambayo waimbaji wa Kigogo huipokea na kuijibu.

Kwa kawaida mpigaji huanza na sauti ya mwimbaji, au na ilimba ikiwepo. Sauti za ilimba hubadilishwa kwa kusogeza vijiti vya chuma mbele au nyuma, au kwa kubandika nta kwenye kijiti ili kishuke. Kazi hiyo huchukua muda kwa sababu vijiti ni vingi, na baadhi ya ilimba huwa navyo makumi kadhaa. Ni rahisi zaidi zeze kuifuata ilimba kuliko ilimba kulifuata zeze.

Historia

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyeishi Afrika Kusini, alipita Tanganyika akirekodi muziki wa makabila mbalimbali wakiwemo Wagogo. Rekodi hizo zimehifadhiwa katika maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko Makhanda, Afrika Kusini.

Baada ya uhuru, serikali ya Tanganyika na baadaye Tanzania iliwakusanya wasanii wa jadi katika vikundi vya taifa. Hukwe Zawose, aliyezaliwa mkoani Dodoma, aliitwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960 wakati wa Rais Julius Nyerere. Baadaye alihusiana kwa muda mrefu na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Albamu yake ya Chibite ilitolewa na kampuni ya Real World ya Uingereza katika miaka ya 1990. Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Watu wa ukoo wake wameendelea na muziki huo, wakiwemo Pendo na Leah Zawose waliotoa albamu ya Maisha mwaka 2024 kwa jina la The Zawose Queens.

Huko Chamwino, mkoani Dodoma, kituo cha sanaa huandaa tamasha la muziki wa Wagogo ambapo vikundi vya vijijini hukutana na kupiga ala zao.

Mabadiliko na uhifadhi

Zeze halikubaki lilelile. Nyuzi za chuma, makopo yanayotumika badala ya vibuyu, na mazeze makubwa yenye nyuzi nyingi ni mabadiliko yaliyofanywa na wapigaji wenyewe. Siku hizi baadhi ya mafundi hufunga vikazio vya gitaa mahali pa vigingi vya mti. Faida yake ni kwamba zeze halilegei jukwaani. Hasara yake ni uzito unaoelemea ncha ya shingo, pamoja na matundu mapya yanayoweza kuudhoofisha mti wa zamani.

Zeze linapopigwa pamoja na kinanda cha umeme, kama inavyotokea katika kwaya na bendi, hulazimika kufuata sauti za kinanda, kwa kuwa kinanda hakiwezi kulifuata zeze. Programu nyingi za simu za kulinganishia sauti nazo hupima kwa kiwango cha piano. Anayejifunza kwa njia hizo peke yake anaweza kuwa na zeze zima lenye nyuzi nzuri, na bado asiisikie ngazi ya sauti ya Wagogo.

Majumba ya makumbusho hukabiliwa na swali lingine. Zeze la zamani likifungwa nyuzi mpya na kukazwa, mvuto wake unaweza kukivunja kibuyu kilichokauka kwa miongo kadhaa. Likiachwa bila nyuzi, halisikiki. Njia inayotumika mara nyingi ni kuliacha la zamani bila kulikaza na kutengeneza jingine kwa vipimo vyake ili lipigwe. Vipimo hivyo huonyesha urefu wa shingo, ukubwa wa kibuyu na mahali pa matundu, lakini havionyeshi sauti ambazo nyuzi zilikazwa kufikia. Hizo hupatikana katika rekodi za zamani, iwapo kasi ya utepe inajulikana, na kwa waimbaji na wapigaji walio hai. Kwa hiyo kuhifadhi zeze kunahitaji pia kuwahusisha watu wanaojua linavyopaswa kulia.

Tazama pia

- Wagogo
- Mkoa wa Dodoma
- Hukwe Zawose
- Marimba
- Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo